Nani Mwenye Wimbo? Haki ya Mtungaji katika Nyimbo za Kisukuma Zinazorushwa kwa Simu

Kila panapotajwa kunakiliwa kwa nyimbo na filamu bila idhini ya wenyewe, maandishi ya serikali na ya magazeti hutumia neno moja, nalo ni "uharamia". Neno hili si geni kwa mtu wa pwani. Haramia ni mnyang'anyi wa baharini, avamiaye chombo cha watu, akatwaa shehena, na kumwacha mwenye mali mikono mitupu. Lakini huko Shinyanga na Geita, ambako nyimbo za Kisukuma hupita kutoka simu hadi simu, sokoni, minadani na machimboni, watu wafanyao jambo hilo hawaliiti hivyo. Wao husema, "Nirushie wimbo." Makala haya yanakusudia kuyapima maneno hayo mawili, kwa kuwa kila moja limebeba rai yake juu ya swali la nani mwenye wimbo. Nitajaribu kuonyesha kwamba sheria yetu imetazama nakala, hali watungaji wa Usukumani tangu zamani walitazama jina. Na kwamba kutopatana kwa mitazamo hiyo miwili kumeanza kuugeuza utungaji wenyewe. Hilo ni jambo limpasalo mhakiki wa fasihi kulisemea, wala asiwaachie wanasheria peke yao.

Tuanze na lugha. Kitenzi "kurusha" kimetokana na "kuruka", na maana yake ya kwanza ni kukifanya kitu kiruke, kama vile jiwe au mpira. Baadaye watu wa redio walikitwaa wakasema "kurusha matangazo". Na hapo ndipo maana ilipopanuka, kwa sababu jiwe lililorushwa humtoka mrushaji, lakini tangazo lililorushwa husalia kwa mtangazaji hata likiwa limekwisha kuingia katika nyumba elfu. Watumiaji wa simu wamekirithi kitenzi hiki kwa maana hiyo ya pili, kana kwamba kila simu ni kituo kidogo cha redio. Kisha wakakinyambua: "rushia", yaani kumtendea mwingine, na "rushiana", yaani kutendeana. Katika umbo hili la mwisho hapana mtoaji wa daima wala mpokeaji wa daima; aliyepokea leo ndiye atakayetoa kesho. Wahandisi wa kompyuta wametumia maneno mengi kuueleza mtandao usio na mkuu, ambao kila chombo ndani yake ni sawa na mwenziwe. Kiswahili kimeueleza kwa kiambishi cha kutendana.

Basi asemaye "nirushie" hasemi uwongo. Ameeleza sawasawa alichokiona: wimbo umemfikia, na rafiki yake bado anao. Hapana aliyeachwa mikono mitupu mbele ya macho yake, na kwa hiyo neno "uharamia" humpita kama neno la ugenini. Walakini kitenzi chake kina upungufu mmoja mkubwa. Umbo la kutendana lina nafasi ya watu wawili wanaoonana. Mtu wa tatu, aliyeketi mbali na aliyeutunga wimbo huo, hana nafasi katika kitenzi hicho. Neno la serikali limemwona mtungaji lakini halikuuona urafiki. Neno la watu limeuona urafiki lakini halikumwona mtungaji. Uhakiki ulio wa haki hauna budi kuwaona wote watatu.

Yafaa sasa tueleze jinsi mambo haya yanavyotendeka. Wimbo uliokwisha rekodiwa huingizwa katika simu kutoka kwenye kompyuta ya kibanda, ambako mwenye kibanda hutoza fedha kidogo ili aijaze memori kadi au flashi ya mteja. Toka hapo hauhitaji tena kibanda. Simu mbili huunganishwa kwa Bluetooth, au kwa programu kama Xender, na wimbo hupita bila intaneti na bila malipo yoyote. Nchi yenyewe inausaidia mwendo huo. Geita, ambayo kwa asili ni nchi ya Wazinza na Wasumbwa, imehamiwa na Wasukuma kwa wingi. Na dhahabu imewakusanya watu wa makabila mengi, wengine katika migodi mikubwa kama Geita iliyoanza uzalishaji mwaka 2000 na Bulyanhulu iliyofuata mwaka 2001, na wengine wengi zaidi katika machimbo ya wachimbaji wadogo ya Nyarugusu, Rwamagasa na Mgusu. Mchimbaji huhama dhahabu inapohama, naye huhama na simu yake. Wimbo uliotungwa katika kijiji cha wilaya ya Kahama waweza kufika machimboni Geita kwa njia hii kabla mtungaji wake hajapata habari.

Tukilinganisha na nchi za nje, tutaona kwamba jambo hili ni la jamii moja na yale yaliyoleta mashauri makubwa Marekani. Mwaka 1999 ilianzishwa Napster, ambayo iliwawezesha watu kupeana faili za muziki kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Lakini orodha ya faili hizo iliwekwa mahali pamoja, na kwa hiyo mahakama ilipotoa amri mwaka 2001, huduma hiyo ilifungika. Mwaka huo huo ilitokea BitTorrent, iliyogawa faili vipande vipande miongoni mwa watumiaji wenyewe, ikawa vigumu zaidi kuizuia. Kurushiana kwa machimboni kumeshinda hata hilo kwa wepesi, maana hakuna orodha, hakuna mtambo wa kati, wala waya. Hakuna nyumba ya kufunga. Anayetaka kukuzuia kwa nguvu itambidi apekue mfuko wa kila mtu, na serikali yoyote yenye busara haitajaribu kazi hiyo.

Ama kuhusu watungaji wa Usukumani, hatuwezi kuelewa haki yao pasipo kuujua uwanja wa ngoma. Mtungaji na kiongozi wa ngoma huitwa "ningi" kwa Kisukuma, na Kiswahili humwita manju. Mapokeo yasema kwamba vyama viwili vikuu vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilianzishwa na Ngika na Gumha, waliokuwa wapinzani katika karne ya 19. Hata sasa, baada ya mavuno, vikundi vya pande hizo mbili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Mashindano ya namna hiyo huonekana pia katika sherehe ya Bulabo huko Bujora, karibu na Kisesa, mahali ambapo Padre David Clement alianzisha hifadhi ya utamaduni wa Wasukuma katika miaka ya 1950. Katika utaratibu huu kuenea kwa wimbo ndiko kushinda kwenyewe. Manju ambaye wimbo wake haukuchukuliwa na watu wakauimba njiani wakirudi makwao, huyo alishindwa. Hapakuwa na mtungaji aliyetamani wimbo wake ubaki kwake.

Lakini wimbo ulipokwenda haukwenda uchi. Ulikwenda na jina. Manju hujitaja ndani ya wimbo wake kwa jina lake na la mzazi wake, kwa neno "ng'wana", yaani mwana wa fulani, kama anavyojulikana Kalikali ng'wana Mbagule. Mara nyingi hutaja na kijiji chake. Jina hilo limefungwa ndani ya mizani ya wimbo, hata anayeurudia hulazimika kulitamka, na asipolitamka wimbo hupwaya. Hii ndiyo iliyokuwa hati ya umiliki. Haikumzuia mtu kuimba. Ilimzuia kusema kwamba wimbo ni wake.

Wasomaji wa mashairi ya pwani wataitambua desturi hii mara moja. Tendi zetu zilisambaa kwa mkono: mtu aliazima hati, akainakili, akairudisha, na nakala yake nayo ikaazimwa na mwingine. Watungaji walilijua jambo hilo, nao wakaweka alama zao katika beti za mwisho. Mwana Kupona, katika utendi aliomtungia binti yake mwaka 1858, ametaja mwishoni idadi ya beti na mwaka wa kutungwa. Ukipunguza au ukiongeza, hesabu itakuumbua. Kadhalika twajua hatari ya shairi lisilo na alama ya namna hiyo. Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji yalibaki vinywani mwa watu wa Mombasa baada ya kifo chake, na kama asingetokea Mwalimu Sikujua akayakusanya na kuyaandika kabla ya mwisho wa karne ya 19, leo tusingekuwa na diwani ya kusoma. Kunakili kulimwokoa Muyaka. Ni kweli basi kwamba nakala si adui wa mtungaji kwa asili yake. Adui ni nakala iliyokatwa jina.

Tukizisikiliza nyimbo za Kisukuma zinazorekodiwa siku hizi, twaona kwamba desturi hiyo haikufa. Nyimbo za mwimbaji kama Bhudagala Mwanamalonja zinafahamika mbali na kwao, na jina lenyewe limeundwa kwa kanuni ile ile ya "mwana wa fulani". Katika rekodi nyingi husikika jina la mwimbaji, la kijiji, na la studio. Na katika picha za video namba ya simu huandikwa chini ili anayetaka kumwalika aweze kumpata. Msikilizaji aliyezoea muziki wa mjini huyaona majina haya kuwa ni kelele zinazokatiza wimbo. Mimi naona kwamba amekosea. Majina hayo ni sehemu ya umbo la utungo huu, kama kituo kilivyo sehemu ya shairi, na kuyaondoa ili wimbo "usafike" ni kuuharibu. Ni muhuri uliobuniwa na watu wasiokuwa na mwanasheria, nao umedumu kuliko mihuri mingi ya ofisi.

Hata hivyo mhakiki hapaswi kuishia katika kusifu. Pamoja na jina la mtungaji, yamo majina mengine, nayo yanazidi kuongezeka: majina ya wenye maduka, ya wenye ng'ombe, ya wenye mashimo ya dhahabu, ya waliogharamia studio, ya bwana harusi na ndugu zake. Zipo nyimbo ambazo robo tatu yake ni orodha. Kuwasifu wakubwa si jambo jipya; manju wa zamani naye aliwasifu watemi. Lakini manju huyo huyo aliweza pia kukemea. Katika tasnifu aliyoiandika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1988, Elias Songoyi aliwalinganisha waimbaji wawili, Kalikali na Mwinamila, na kuonyesha jinsi mtungaji anavyoweza kusimama mbali na wenye mamlaka au karibu nao. Kalikali aliweza kuwakosoa wakubwa kwa sababu riziki yake haikutoka mikononi mwao. Ilitoka shambani, na heshima yake ilitoka kwa umati.

Mwimbaji wa leo amewekwa katika hali nyingine. Kurekodi kunamgharimu fedha taslimu. Nakala zinazotoka hazimrudishii kitu, kwa sababu zinarushwa bure au zinauzwa vibandani na watu wasiomjua. Basi gharama yake ni nani atakayeilipa? Atailipa yule atajwaye. Kwa hiyo wimbo huuzwa kabla haujaimbwa, na mnunuzi wake hununua jina lake mwenyewe ndani yake. Hapo ndipo lilipo jambo zito la mjadala huu. Watu husema hakimiliki ni habari ya fedha za wasanii. Nami nasema ni habari ya nani atakayekuwa bwana wa msanii. Mtungaji anayelipwa kidogo kidogo na wasikilizaji wengi anaweza kumkemea tajiri mmoja. Mtungaji ambaye wasikilizaji wake hawamlipi hana budi kumsifu tajiri huyo, na wasikilizaji wasilalamike wakiona kwamba nyimbo za kuonya zimeadimika. Mwenye kulipa kinanda ndiye achaguaye ngoma. Na watu wa kawaida wamejiondoa katika kulipa, ndipo wakaondolewa katika kuchagua.

Sheria nayo imefanya nini? Tanzania iliingia katika Mkataba wa Berne mwaka 1994, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 ndiyo iliyochukua nafasi ya ile ya 1966. Sheria hii, ambayo chini yake iliundwa COSOTA, humlinda mtungaji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na ulinzi huo huanza wimbo unapotungwa, pasipo kungoja usajili. Kwa maandishi, basi, ningi wa Kisukuma ana haki sawa na mwandishi wa riwaya. Sheria hiyo hiyo humruhusu mtu, kwa mipaka maalumu, kunakili kazi iliyokwisha kutolewa kwa matumizi yake mwenyewe. Yaani haikuwa na ukali wote ambao neno "uharamia" limeupa. Dosari zake zimo katika mambo mawili.

La kwanza ni kwamba utekelezaji umefuata kitu kinachoshikika. Kanuni za mwaka 2013 zilitaka bidhaa za muziki na filamu zibandikwe stempu ya kodi. Hilo lilifaa kwa CD na DVD zilizopangwa dukani. Lakini stempu haina pa kubandikwa juu ya wimbo uliorushwa hewani. La pili ni kwamba sheria imeweka fungu la sanaa za jadi, zilizo mali ya jamii bila mtungaji ajulikanaye. Kusudi la fungu hilo ni jema, lakini limefungua mlango wa kosa. Mtu wa mjini asikiapo wimbo wa Kisukuma, wenye ngoma na lugha asiyoielewa, hudhani kwamba ni wa jadi, kwa hiyo ni wa wote, kwa hiyo si wa mtu. Kumbe mwenyewe amejitaja mara tatu ndani yake. Lau msikilizaji huyo angejua Kisukuma, asingeliuliza nani mwenye wimbo.

Kwa hiyo naona inafaa kutenga matendo matatu ambayo neno "uharamia" limeyafunga katika furushi moja. Tendo la kwanza ni kurushiana, kati ya watu walio sawa, bila faida. Hili limo katika desturi ya uwanja wa ngoma, nalo humpa mtungaji sifa na mialiko. Kulipiga vita ni kazi bure, tena si haki. Tendo la pili ni kuuza nakala, kama afanyavyo mwenye kibanda. Huyu amepata fedha kutokana na wimbo, na mtungaji hakupata. Hapa pana deni la wazi. Tendo la tatu ni kulifuta jina, ama kwa kulikata katika rekodi, ama kwa kulifunika kwa jina la mwingine. Hili ndilo baya kuliko yote, kwa kuwa linamwondolea mtungaji hata kile ambacho kurushiana kungempa.

Atatokea mtu aseme kwamba kama sifa huleta mialiko, na mialiko huleta fedha, basi mtungaji hana dai lolote. Hoja hii ina nguvu maadamu mtungaji ana miguu ya kuchezea na koo la kuimbia. Lakini ngoma ya Kisukuma ni kazi ya mwili. Siku miguu ikichoka mialiko hukoma, na nyimbo zake zitaendelea kusikika katika simu za vijana asiowajua, hali yeye ameketi kibarazani. Miaka 50 iliyowekwa na sheria baada ya kufa haimsaidii mtu aliyekosa chochote alipokuwa hai. Kwa ajili ya siku hizo za uzee, zaidi ya nyingine, ndipo haki ya nakala inapohitajiwa.

Dawa yake haitapatikana kwa kuvamia vibanda na kuvichoma vitu vyake. Mwenye kibanda ndiye mtu pekee katika mwendo huu anayejulikana mahali alipo, anayeshika fedha, na anayejua ni nyimbo gani zinazotakwa. Badala ya kumfanya adui, ingefaa apewe leseni kwa ada ndogo, aandike majina ya watungaji wa nyimbo anazojaza, na ada hiyo iwafikie watungaji hao kwa simu, kama fedha nyingine zifikavyo vijijini siku hizi. Orodha yake isingekuwa kamili, lakini ingekuwa orodha ya kwanza.

Na sisi wa taaluma ya lugha tuna sehemu yetu. Katika vitabu vya fasihi simulizi tumezoea kukuta wimbo uliochapwa na chini yake maneno "wimbo wa Wasukuma", kana kwamba kabila zima lilikaa kitako likatunga. Hilo ni tendo la tatu katika yale niliyoyataja, nalo hufanywa na watu wenye shahada. Haikulazimu kuwa hivyo: kitabu cha Frank Gunderson cha mwaka 2010 juu ya nyimbo za kazi za Wasukuma kimechapa mamia ya nyimbo na kuonyesha kwamba watungaji na waimbaji wake wanaweza kutajwa. Ingekuwa vyema majarida yetu yakatae kuchapa wimbo wowote ambao mkusanyaji hakuandika umetungwa na nani, umeimbwa na nani, wapi na mwaka gani; na pale mtungaji asipojulikana, mkusanyaji aeleze alivyomtafuta. Vile vile wimbo wa simu ukusanywe pamoja na majina yote yaliyomo, ya mtungaji na ya waliomlipa, kwa kuwa majina hayo ni ushahidi wa hali ya utungaji katika zama zetu.

Kijana wa Nyarugusu amrushiapo mwenziwe wimbo, humrushia na jina la aliyeutunga, apende asipende, maana limo ndani. Msomi auchapapo wimbo huo huo bila jina, hana udhuru huo.